Kitu huru chalipiwaje kila mwaka? Historia ya Red Hat na sheria zake

Katika lugha yetu tuna maneno mawili yasiyochanganyika: huru na bure. Mtu huru hatawaliwi na mwingine. Kitu cha bure hakilipiwi feza. Wafaransa nao wana maneno mawili kama sisi. Lakini Waingereza wana neno moja tu kwa mambo hayo yote mawili, na kwa ajili ya neno hilo watu wa kompyuta wamebishana zaidi ya miaka arobaini. Leo twataka kueleza habari ya kampuni moja ya Marekani, jina lake Red Hat, maana yake Kofia Nyekundu. Kampuni hii iliuza kitu huru, ikatajirika, na mwishoni ikaandika sheria ambazo watu wengi waona zimeubana ule uhuru wenyewe. Habari hii yawagusa hata wasiojua jina la Red Hat, kwa sababu mashini nyingi za benki, za simu na za vyuo vikuu duniani zaendeshwa na programu za namna hiyo.

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Kompyuta bila programu ni chuma tu. Ile programu inayoamka mtu anapowasha mashini, inayoziamuru programu nyingine zote zipate nafasi na zamu yao, yaitwa mfumo wa uendeshaji. Mafundi huuandika kwa maneno na alama ambazo mtu aliyejifunza aweza kuzisoma. Hayo twayaita maandishi ya asili. Baadaye yageuzwa kuwa tarakimu tupu; mashini yazifuata, lakini binadamu hawezi kuzisoma. Aliye na maandishi ya asili aweza kuona kosa na kulisahihisha. Aliyepewa tarakimu tupu ni kama mtu aliyeuziwa saa iliyozibwa: majira atayasoma, lakini siku ikisimama hana la kufanya ila kumrudia aliyemwuzia.

Mtu aliyenyimwa maandishi

Karibu na mwaka 1980, fundi mmoja, Richard Stallman, alikuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT huko Marekani. Walikuwa wamepewa na kampuni ya Xerox mashini mpya ya kuchapa. Karatasi zilikwama kila mara. Katika mashini ya zamani Stallman alikuwa ameongeza maneno machache katika programu yake, ili ikikwama iwaarifu watu waliongojea karatasi zao. Alitaka kufanya vile vile katika hii mpya, lakini haikuletwa na maandishi ya asili. Alikwenda katika chuo kingine, Carnegie Mellon, kwa mtu aliyekuwa nayo. Yule akamkatalia, akisema ameahidi kutompa mtu yeyote. Stallman mwenyewe ameisimulia habari hii mara nyingi, na asema ndiyo iliyomfungua macho.

Tarehe 27 mwezi wa tisa 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima ambao watu wote wataweza kuusoma, kuugeuza na kuugawa. Akauita GNU. Mwezi wa kwanza 1984 aliacha kazi yake chuoni, na mwaka 1985 akaanzisha chama cha kuusimamia uhuru huo, Free Software Foundation. Alipataje chakula? Aliuza tepu zenye programu yake moja iitwayo Emacs, kila tepu dola 150. Twaomba msomaji ashike jambo hili vizuri: toka mwanzo kuuza hakukukatazwa. Aliyenunua tepu alikuwa na haki ya kuinakili na kuwapa rafiki zake, au kuwauzia, na Stallman hakuwa na neno.

Mwaka 1989 aliandika leseni iitwayo GPL, na mwaka 1991 akatoa chapa yake ya pili. Makampuni mengine huandika leseni ili kumzuia mnunuzi. Hii iliandikwa ili kumzuia muuzaji. Yasema hivi, kwa maneno yetu: waweza kutumia programu kwa kazi yoyote, waweza kuigeuza, waweza kuigawa, bure au kwa feza, lakini yule utakayempa programu umpe pia maandishi ya asili, wala usimwongezee kizuizi kingine juu ya haki alizopewa na leseni hii.

Tazameni maneno mawili hapo. La kwanza: yule utakayempa. Leseni haisemi uwape watu wote wa dunia. Yasema umpe uliyempa programu. La pili: usimwongezee kizuizi. Ugomvi wote tutakaousimulia wakaa katikati ya maneno haya mawili, kama mpaka wa mashamba ambao kila jirani aupima kwa kamba yake.

Katika mwaka ule ule 1991, mwanafunzi wa Helsinki katika nchi ya Finland, Linus Torvalds, mwenye miaka 21, aliandika kiini cha mfumo, kile ambacho GNU ilikuwa haijakimaliza. Kiliitwa Linux. Leseni yake ya kwanza ilikataza mtu kupokea feza. Mwaka 1992 aliiacha, akashika GPL ya Stallman. Bila badiliko hilo hapangekuwa na Red Hat.

Sanduku la dola hamsini

Marc Ewing alikuwa kijana aliyevaa chuoni kofia nyekundu aliyopewa na babu yake, na ndiyo iliyoipa kampuni jina. Bob Young alikuwa mfanyabiashara kutoka Kanada aliyeuza vitu vya kompyuta kwa katalogi. Mwaka 1995 Young alinunua kazi ya Ewing, wakaanza pamoja katika jimbo la North Carolina. Walikusanya Linux, programu za GNU na nyingine mamia, wakazipatanisha, wakazitia katika diski na kitabu cha maelezo, wakauza sanduku kwa dola hamsini hivi.

Mara akaja jirani. Kampuni moja, CheapBytes, ilinakili diski ile ile ikaiuza kwa dola mbili hivi. Je, ni wizi? Hata kidogo. Leseni yaruhusu. Red Hat haikuweza kushtaki mtu kwa kunakili programu. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho leseni haikukigusa, ndicho jina lake. Jina na picha ya kofia ni alama ya biashara, na sheria ya alama ni sheria nyingine kabisa. Basi Red Hat ikasema: nakilini programu, lakini jina letu msilitumie. CheapBytes haikukosa akili. Iliendelea kuuza diski zile zile chini ya jina la Pink Tie, yaani Tai ya Waridi. Watu wakacheka, lakini kila mtu alielewa ni kofia gani iliyogeuka tai.

Tarehe 11 mwezi wa nane 1999 Red Hat iliuza hisa zake kwa mara ya kwanza. Asubuhi hisa moja ilikuwa dola 14. Jioni ilifika dola 52. Wenye hisa walitaka faida, na faida ya masanduku ni ndogo. Ndipo viongozi wakageuza njia. Mwaka 2002 walitoa mfumo mwingine kwa ajili ya makampuni makubwa, na mwaka 2003 wakauita kwa jina lililobaki mpaka leo, Red Hat Enterprise Linux. Ule wa sanduku ukafa. Msaada wa chapa yake ya mwisho ulikoma tarehe 30 mwezi wa nne 2004. Wapenzi wa bure walielekezwa kwa Fedora, mfumo mwingine unaobadilika haraka, mzuri kwa kujifunza na kujaribu, lakini wa kumchosha mwenye benki.

Hapa ndipo abonema ilipoingia. Ninyi mwajua abonema ya gazeti: mtu alipa, apata gazeti mwaka mzima, halafu alipa tena. Red Hat haikuuza programu, kwa maana kuuza kitu ambacho mnunuzi wa kwanza aweza kukigawa ni kuteka maji kwa kikapu. Iliuza uangalizi. Mwenye abonema apata masahihisho kila kosa linapogunduliwa, aweza kupiga simu fundi amsaidie, na aahidiwa kwamba chapa moja ya mfumo itatunzwa miaka mingi, siku hizi kumi, bila kugeuzwa ovyo. Kwa hospitali au kwa benki ahadi hiyo ina thamani kuliko programu yenyewe. Sisi twaona lilikuwa wazo la akili, tena la haki: kazi ya mikono yalipwa, wala hapakuwa na aliyedanganywa.

Lakini mkataba ulikuwa na vifungu vyake. Bei ilihesabiwa kwa kila mashini, kwa kufuata idadi ya prosesa zake. Kwa miaka mingi abonema ya chini kabisa ya seva, isiyo na fundi wa kupigiwa simu, ilikuwa dola 349 kwa mwaka. Yenye msaada wa kawaida dola 799. Tena mteja hakuweza kulipia mashini moja akapeleka masahihisho yake katika mashini kumi. Mkataba wasema kila mashini yenye kutumia programu ile katika kampuni yake ilipiwe, na Red Hat yaweza kuja kukagua. Akiacha kulipa, programu haifi. Haki ya kuitumia ameipata kwa GPL. Kinachokatika ni masahihisho na msaada. Mashini yabaki kama nyumba isiyo na mlinzi, yasimama, lakini kila siku mwizi azidi kuijua.

Maktaba ya Louisiana

Red Hat iliendelea kutoa maandishi yote ya asili hadharani, kwa kila mtu, hata asiyelipa. GPL haikuilazimisha kufika huko. Iliyafanya kwa desturi yake. Basi mtu yeyote mwenye ujuzi na subira aliweza kuyachukua, kuondoa jina na kofia, kuyageuza tena kuwa programu, na kuwa na mfumo ule ule bila abonema.

Wa kwanza kusikika katika kazi hiyo hawakuwa matajiri. Ilikuwa maktaba ya watu wote katika mji mdogo wa DeRidder, jimbo la Louisiana, iitwayo Beauregard Parish Public Library. Wasomaji wasidhani ni maktaba ya parokia. Huko Louisiana wilaya za serikali zaitwa parokia toka zamani za Wafaransa na Wahispania. Maktaba hiyo ilikuwa na seva zake, na abonema ya kila mwaka ilikuwa mzigo. Fundi wao akatengeneza nakala, akaiita White Box, Sanduku Jeupe, yaani lisilo na jina la mtu. Kisha wakaitoa kwa yeyote aitakaye. Twaipenda sana habari hii, kwa kuwa yaonyesha uhuru ulimfaa nani hasa: watu wenye vitabu vingi na feza kidogo.

Mwaka 2004 zilitokea nakala nyingine. Wataalamu wa Fermilab huko Marekani na wa CERN karibu na Geneva, wenye kuchunguza chembe ndogo za vitu, walitengeneza Scientific Linux kwa ajili ya maelfu ya mashini zao. Na kikundi cha wajitolea kilitengeneza CentOS, ambayo ilienea kupita zote. Mwaka 2005 mawakili wa Red Hat waliandikia CentOS barua juu ya jina lao. Tangu hapo CentOS ilisema tu kwamba mfumo wake watokana na kampuni mashuhuri ya Amerika ya Kaskazini. Mwisho wa 2006 akaja jirani mwenye nguvu: kampuni kubwa ya Oracle ilitengeneza nakala yake, ikauza msaada kwa bei ya chini kuliko Red Hat. Maktaba maskini ni jambo moja. Tajiri anayevuna shamba la mwenzake ni jambo jingine, ingawa leseni haiwatofautishi.

Red Hat ilijibu polepole. Mwaka 2011 iliacha kuonyesha masahihisho ya kiini moja moja. Ilitoa yote yakiwa yamechanganywa, ili mshindani ashindwe kujua lipi lilitibu kosa gani. Hata hivyo haikuumia sana. Katika mwaka wake wa feza uliokwisha mwezi wa pili 2012 mapato yake yalipita dola milioni elfu moja, jambo ambalo kampuni yoyote ya programu huru haikuwahi kulifikia kabla yake. Na mwaka 2014 iliichukua CentOS yenyewe chini ya mabawa yake. Wengi walifurahi. Wachache waliuliza: kuku akikaribishwa na mwenye mwewe, afurahi mpaka lini?

Miaka kumi iliyogeuka miwili

Mwezi wa kumi 2018 kampuni ya IBM ilitangaza kuinunua Red Hat kwa dola milioni elfu 34, na mwezi wa saba 2019 biashara ikafungwa. Mwezi wa tisa mwaka huo CentOS 8 ilitolewa, na watu wakaambiwa itatunzwa mpaka 2029. Vyuo, makampuni madogo na ofisi nyingi wakahamia huko, kazi ya miezi, wakitegemea miaka kumi.

Tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 2020 likaja tangazo: CentOS 8 itakoma mwisho wa 2021. Mahali pake pangebaki CentOS Stream, ambayo si nakala ya mfumo uliokamilika, bali ni mahali pa kuandaa mfumo ujao. Hapa twasema wazi maoni yetu. Hakuna leseni iliyovunjwa. Aliyepewa bure hakuwa na mkataba mkononi. Lakini watu walipanga kazi yao juu ya tarehe iliyotangazwa, na tarehe ile ilifutwa katikati ya safari. Mwezi uliofuata Red Hat ilitoa ruhusa ya kutumia mfumo wake bila malipo kwa mtu mmoja mwenye mashini zisizozidi 16. Chuo chenye mashini mia tano hakikupata faraja hapo.

Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, alitangaza mara moja nakala mpya. Aliiita Rocky Linux, kwa ukumbusho wa mwenzake Rocky McGaugh aliyefariki. Kampuni CloudLinux nayo ikaanzisha AlmaLinux, ikaikabidhi kwa chama kisicho cha faida. Mwisho wa 2022 Fermilab na CERN waliichagua hiyo.

Halafu, tarehe 21 mwezi wa sita 2023, Red Hat ilifunga mlango iliouacha wazi karibu miaka ishirini. Ilisema maandishi ya asili yatakayotolewa hadharani ni ya CentOS Stream tu. Yale ya mfumo uliokamilika watapewa wateja wake. Hili neno la kwanza la GPL lairuhusu: umpe uliyempa. Lakini mkataba wa abonema una kifungu kingine: mteja akitumia huduma hizo kuwagawia wengine, Red Hat yaweza kuikata abonema yake.

Je, hicho si kile kizuizi kilichokatazwa na neno la pili? Red Hat yajibu: hapana, hatumzuii mtu kugawa alichokwisha kupata, haki yake ni ile ile, ila hakuna sheria ya kutulazimisha tuendelee kumhudumia kesho. Wapinzani wasema: haki ambayo ukiitumia wapoteza ulinzi wa mashini zako zote ni haki ya jina tu. Sisi twaona jibu la Red Hat lafuata herufi, nalo si la kuchekwa. Lakini mtu mwenye mashini elfu moja za benki hatathubutu kuijaribu haki yake hata mara moja, na mwandishi wa mkataba alilijua hilo alipouandika. Mmoja wa wakubwa wa Red Hat, Mike McGrath, aliandika siku zile kwamba wanaonakili bila kuongeza kitu ni hatari kwa makampuni yote ya namna hiyo. Neno lake lina uzito kwa Oracle. Kwa maktaba ya DeRidder halina.

Swali hilo liliwahi kukaribia mahakama kwa njia nyingine. Kampuni Open Source Security, yenye kuuza ulinzi wa kiini cha Linux, iliweka kifungu kama hicho kwa wateja wake. Mwaka 2017 Bruce Perens aliandika kwamba chavunja GPL. Kampuni ilimshtaki kwa kulichafua jina lake. Mwisho wa mwaka ule jaji aliikataa kesi, na mahakama ya rufani ilikubaliana naye 2020: Perens alitoa maoni yake juu ya jambo la sheria ambalo halijaamuliwa, na maoni si kosa. Kifungu chenyewe hakikuhukumiwa.

Oracle ilijibu tangazo la 2023 kwa dhihaka, ikiishauri IBM ipunguze gharama kwa kunakili Oracle Linux. Mwezi wa nane Oracle, SUSE ya Ulaya na CIQ, kampuni ya Kurtzer, wakaunda ushirika uitwao OpenELA ili watoe maandishi hayo kwa wote. AlmaLinux ilichagua njia ya upole: iliacha kuahidi nakala iliyo sawa kabisa, ikaahidi tu kwamba programu inayotembea juu ya Red Hat itatembea vile vile juu yake. Rocky haikutaka kuacha. Ilitafuta pa kupitia, ikapata: makampuni ya kukodisha mashini za mbali hutoa Red Hat kwa malipo ya saa. Fundi akodi mashini moja, kwa saa hizo ni mteja halali, avuta maandishi ya asili aliyo na haki nayo, kisha aizima mashini. Abonema ya kukatwa haipo tena.